Kiganja cha Nyongeza

Nimefundisha ujasiriamali katika shule ya sekondari kwa miaka kumi na moja, na maishani mwangu sijawahi kuuza hata penseli. Nalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi huligundua wenyewe, kwa kawaida kufikia muhula wa pili, na baada ya hapo hunitazama kwa jicho la pembeni ninapoandika ubaoni "Sifa za Mjasiriamali." Sifa zenyewe ni kumi na mbili. Ya kwanza ni kuthubutu. Huwa naziandika kwa mwandiko mzuri sana.

Somo hili sikuliomba. Nilisomea uchumi na jiografia katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, nikaajiriwa katika shule ya kutwa iliyo kati ya Kisugu na Bugolobi, nikadhani nitazeeka nikichora ramani za mito. Siku walimu walipogawana masomo, mimi nilikuwa kwa daktari wa meno. Niliporudi, shavu moja likiwa bado limekufa ganzi, mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia ujasiriamali umeniangukia mimi.

"Wewe ni Mkenya," alisema. "Biashara iko kwa damu yenu."

Kwa ganzi ile sikuweza kubishana naye. Na ni kweli Wakenya wa Kampala tunasifiwa kwa biashara, na wako wanaostahili sifa hizo. Kanisani kwetu nikipeana mkono kushoto ni muuza vipuri, nikipeana kulia ni mwenye duka la vyombo. Lakini baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mama yangu karani wa posta. Damu yetu ina chaki na gundi ya stempu, basi.

Nilichukua kitabu cha somo, nikakisoma likizo nzima, nikaingia darasani. Bila kujisifu, nilikuwa hodari wa mtihani. Mtihani wetu huhesabu hoja: unataja hoja, unaieleza kwa sentensi moja, unashuka mstari, unataja nyingine. Anayejua kushuka mstari hufaulu, na mimi nilifundisha kushuka mstari kama wengine wanavyofundisha sala. Wanafunzi wangu wangeweza kutaja faida nane za kuhudumia wateja vizuri bila kukohoa, na wengi wao walikuwa wakorofi kupindukia.

Vitendo navyo tulikuwa navyo. Tulitengeneza sabuni ya maji. Kila shule mjini hutengeneza sabuni ya maji. Ukitaka kujua kama shule ina somo la ujasiriamali, nenda ukaangalie chupa kuukuu za maji nyuma ya maabara. Yetu ilikuwa ya kijani na iliwasha mikono. Wateja wake walikuwa walimu, nasi tulinunua kwa kuoneana haya. Nilikuwa na chupa sita chini ya sinki nyumbani.

Kisha mtaala ukataka zaidi. Wanafunzi wa kidato cha tano walipaswa kutoka, kutembelea biashara halisi, kuuliza maswali na kuandika ripoti yenye sehemu tatu: matatizo, sababu, mapendekezo. Nakala moja apewe mwenye biashara, ili naye afaidike na elimu. Niliona ni jambo zuri. Nikaandikia barua kiwanda kimoja cha upande wa Bugolobi, nikangoja, nikaandika ya pili, na mlinzi wa getini akaniambia kwa upole kwamba anazo zote mbili mfukoni kwa sababu hajui ampe nani.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Alikuwa mtulivu, mwandiko wake safi, mtihani wa mwisho ulikuwa mwaka unaofuata na wote tulijua angefaulu. Alisema mama yake anauza maharagwe Kisugu, na kwamba tukitaka tunaweza kwenda huko kwa miguu.

Mama yake nilimfahamu, maana nilikuwa mteja wake. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa wale askari wa Sudani walioletwa na wakoloni wakabaki, mjane mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, na meza yake ilikuwa ndani ya kibanda kidogo kwenye kona ya njia ninayopita kwenda nyumbani. Maharagwe aina nne, karanga, dagaa. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kiganda changu ni cha kununulia nyanya tu. Mtaa mzima ulimwita Hajati, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akikumbusha watu kwamba Makka hajafika bado. Meza ile ndiyo iliyomlipia binti yake shule tangu baba alipofariki. Hakukuwa na kingine.

Tulikwenda siku ya Jumatano, wanafunzi ishirini na wawili na madaftari yao. Tulimkuta ametandika mkeka kando ya meza na kuvaa gurbaba yake ya sherehe, ile nguo ya Kinubi ya kujifunga yenye rangi za kuumiza macho.

"Karibu mwalimu, karibuni watoto," alisema. "Leo nyinyi ndio mnafundisha mimi?"

Walimuuliza kila kilichokuwa kwenye orodha. Ulianza lini, mtaji ulitoka wapi, washindani wako ni nani. Mshindani alikuwa ng'ambo ya barabara, Mganda mmoja mchangamfu mwenye meza kama ile ile, naye alitupungia mkono alipoona tunamtazama. Wanafunzi wakaandika: ushindani ni mkali.

Halafu akaja mteja kununua kikombe cha maharagwe, na darasa likanyamaza litazame. Hajati alijaza kikombe cha plastiki, akakipanga kilima juu, akamimina kwenye mfuko. Kisha mkono wake ukarudi ndani ya gunia, ukatoka na kiganja kimoja kimejaa, akakitia juu ya yale ya kwanza. Mteja alikuwa ameacha mfuko wazi akikingoja. Hakuna aliyesema asante wala karibu. Kila anayeishi Kampala amekiona kitendo hicho mara nyingi kiasi kwamba hakioni tena.

"Hicho cha mwisho ni cha nini?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Nyongeza," Hajati alisema.

"Na analipia?"

Alicheka hadi akashika meza. "Sasa itaitwa nyongeza vipi?"

Walikuja na mizani ya maabara, jambo lililonifurahisha sana kama mwalimu. Wakapima viganja kumi, wakatafuta wastani, wakauliza kwa siku wanakuja watu wangapi, wakazidisha pale pale kwenye mkeka. Jibu lilikuwa kwamba kila muhula wa shule, karibu gunia zima la maharagwe linaondoka bure. Waliguna. Hata mimi niliguna. Hajati alitazama gunia lake kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani.

Ripoti iliandikwa na binti yake, kwa Kiingereza, na ilikuwa ripoti bora niliyowahi kupokea. Tatizo: upotevu wa bidhaa. Sababu: mazoea. Pendekezo la kwanza: kusitisha nyongeza mara moja na kusawazisha kikombe kwa kijiti. Nilimpa alama za juu kuliko wote, nikaandika kwa wino mwekundu "Vizuri sana, fikra za kibiashara." Kwa ajili ya mama yake alitengeneza ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye mapendekezo matano na sababu ya kila moja, kwa herufi kubwa. Aliniletea niupitishe.

Nikaupiga mhuri. Ulikuwa mhuri wa idara, wa mviringo, wa wino wa zambarau, na unakaa droo moja na biskuti zangu. Hakuna aliyeniomba niupige. Niliona ukurasa umependeza, nikaona mhuri utaupendezesha zaidi.

Hapa inafaa nieleze kitu ambacho mgeni wa mji huu anaweza asikijue, na ambacho mimi, mkaaji wa miaka mingi, sina udhuru wa kukisahau. Barua ya mwenyekiti wa mtaa isiyo na mhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Ikiwa na mhuri, watu huitii hata ikisema wavunje ukuta wao. Karatasi yenye mhuri hapa haisomwi kama ushauri, hasa na mtu ambaye mtoto wake yumo shuleni humo humo.

Wiki iliyofuata nilipita kununua maharagwe ya njano. Karatasi ilikuwa imetiwa ndani ya plastiki na kupigiliwa kwenye nguzo ya kibanda. Hajati alijaza kikombe, akachukua kijiti, akakipitisha juu kwa makini, akamimina. Mimi nilibaki nimefungua mfuko.

"Tumeanza," alisema, akaonyesha nguzo kwa kidevu.

"Vizuri," nilisema, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeandika.

Nilinunua tena wiki iliyofuata, kijiti kikapita, nikaenda nyumbani na kununa. Ningependa kuandika kwamba nilitafakari, lakini ukweli ni kwamba nilinuna tu, kama mtu aliyesalimia asijibiwe. Mara ya tatu nilivuka barabara. Sikukaa chini nikaamua. Kulikuwa na tope upande wa Hajati, au nilijiambia kuna tope, na yule Mganda mchangamfu akasema, "Kalibu nyabo, leo umekumbuka sisi!" akiniita bibi kwa Kiganda, akanipimia, na mkono wake ukarudi ndani ya gunia. Nilifunga mfuko nikiwa na furaha isiyo na maana. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mteja wa ng'ambo, na sikuhusisha jambo hili na lolote.

Muhula wa tatu ulipofika katikati, dawati la mbele lilianza kuwa wazi. Siku moja, halafu siku mbili, halafu wiki. Aliporudi nilimwita kando baada ya kipindi, nikamuuliza kama anaumwa. Darasani tunatumia Kiingereza, lakini tukiwa wawili alipenda Kiswahili, lugha aliyokuwa akiizungumza nami pale mezani kwao.

"Siumwi, madamu. Mama anafunga kibanda. Mwisho wa mwezi tunahamia Bombo kwa dada yake."

"Bombo? Na mtihani wako?"

"Huko pia iko shule." Alisema hivyo bila kunitazama. Tulijua wote wawili kwamba shule ziko Bombo, mji wa Wanubi kaskazini mwa Kampala, ila mpango wa mama yake na dada yake ulikuwa wa kufuma vikapu, na kwamba vikapu vinahitaji mikono.

"Kwa nini anafunga?"

"Wateja wameisha."

"Wamekwenda wapi?"

"Ng'ambo ya barabara."

"Wote?"

Akapanga vitabu vyake ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. "Hata wewe, madamu. Mama alikuona. Aliniambia nisikwambie."

Kuna aibu inayokuja polepole na kuna inayokuja yote kwa mkupuo. Hii ilikuja yote. Nilimwambia aende akacheze na wenzake, maneno ambayo humwambii msichana wa miaka kumi na saba, naye akaenda.

Mchana huo huo nilikwenda kwenye kona. Hajati alikuwa amekaa peke yake nyuma ya meza iliyojaa, akichambua mawe kwenye maharagwe ambayo hayakuwa na mawe.

"Mwalimu," alisema. "Umepotea."

"Nimekuja kusema tulikosea."

"Nani amekosa?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema idara. "Mimi," nilisema. "Karatasi hiyo. Itoe, rudisha nyongeza."

Aligeuka akaitazama nguzo, kama anahakikisha tunazungumzia karatasi moja. "Hii iko na mhuri."

"Najua. Lakini ni ushauri tu, Hajati. Ungeweza kukataa."

"Kukataa shule? Na mtoto yangu iko ndani?" Hakupandisha sauti. "Mimi nilifikiri mtarudi kuangalia. Kila siku nilitayarisha kijiti. Watu walinuna, nikawaambia, ngojeni, hii ni ya wasomi. Wamengoja, wamechoka." Kisha akaniuliza, kwa udadisi wa kweli kabisa, "Mwalimu, mtu anaweka mhuri kwa kitu yeye hapana jua?"

Nikatafuta la kumfariji, nikapata baya zaidi. Nilimwambia angalau yale maharagwe ya nyongeza aliyaokoa, na kwa hesabu ya wanafunzi ni mengi, kwa hiyo si hasara tupu.

Aliinama chini ya meza akaburuta gunia, limejaa zaidi ya nusu, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa.

"Hii?" alisema. "Hii si yangu. Hii ni ya watu. Karatasi ilisema nisipatie. Haikusema niuze."

Kila mara alipopitisha kijiti juu ya kikombe, alikuwa amechota kiganja kile kile cha siku zote, akasubiri mteja aondoke, akakitia chini ya meza. Alifanya hivyo kwa miezi. Darasa langu lilikuwa limethibitisha kwa mizani kwamba kiganja hicho ni mali yake, na yeye hakulikubali hilo hata dakika moja, ila hakujua aliandike wapi.

"Lete mhuri ingine," alisema. "Mhuri inatolewa na mhuri."

Kesho yake asubuhi niliandika. Nilitumia karatasi nne. Hatimaye nikabaki na mistari miwili: kwamba nyongeza irudishwe, na kwamba mwalimu ndiye aliyekosea wala si mama mwenye biashara. Nikapiga mhuri, nikampelekea wakati wa chakula cha mchana. Aliisoma pole pole, kidole kikifuata maneno.

"Hapa hamna sababu," alisema. "Watoto waliweka sababu kwa kila moja."

Alikuwa sahihi. Nilitoa kalamu, nikainama juu ya meza, na nikabaki nimeinama. Nilijua faida nane za huduma bora kwa wateja. Zote zilinijia zikiwa na namba zake, na hakuna hata moja iliyoeleza kwa nini mtu mwenye digrii anaweza kuvuka barabara kwa ajili ya maharagwe yanayotosha kijiko kimoja.

"Niandike nini?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Andika, mtu anapenda kuona mkono inarudi kwa gunia."

Nikaandika hivyo hivyo. Akang'oa karatasi ya zamani, akapigilia mpya kwenye matundu yale yale.

Lakini wateja hawasomi nguzo. Siku tatu zilipita na meza ikabaki vile vile, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Ijumaa binti yake aliniambia kwamba mama ameamua kuwapelekea watu vitu vyao, na kwamba anauliza kama mimi nina ndoo.

Ndoo nilikuwa nayo, ya sabuni. Jumamosi asubuhi tulitoka watatu: Hajati mbele na gurbaba yake ya sherehe, binti na mifuko, mimi nyuma na ndoo ya maharagwe kichwani, kwa sababu mkononi ilinishinda. Nilikutana na wanafunzi wangu wawili njiani. Walinisalimia kwa heshima kubwa mno.

Nilitarajia agawe tu, lakini alikuwa anakumbuka. Alisimama kwenye kila mlango, akabisha, akasubiri mwenyewe atoke, kisha akasema idadi. "Wewe ni viganja sita." "Wewe nne, halafu ulisafiri." "Wewe tisa, na karanga moja." Akachota mwenyewe kutoka kwenye ndoo, kwa mkono ule ule, na hakumwacha binti yake amsaidie. Wale wapita njia asiowafahamu aliwatengea fungu moja, tukaliacha msikitini. Watu walipokea kwa namna mbalimbali. Wengine walicheka. Mwanamke mmoja alitazama chini akasema yeye sasa ananunua ng'ambo, Hajati akamjibu kwamba anajua, na akamimina. Kijana mmoja wa bodaboda alituuliza mama huyu anagombea kiti gani, maana mtaani kwetu anayegawa chakula mlango kwa mlango huwa anataka kura, na hapo ndipo nilipomsikia Hajati akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mizani. Hata yule mshindani alisimama kwenye meza yake akashika kiuno.

"Banange, Hajati," alipaza sauti kwa mshangao, "unataka kumaliza mimi?"

"Nimekopi kwako!" Hajati alimjibu.

Tukafika kwenye geti langu. Nilipunguza mwendo, na nadhani nilianza kuishusha ndoo. Hajati hakugeuka.

"Hapa tunapita," alimwambia binti yake. "Huyu atakuja mwenyewe."

Tukapita. Nilikuwa hapo hapo nyuma yao nimebeba ndoo yenyewe, naye alizungumza kama sipo. Sikujua kama nimeadhibiwa au nimetaniwa, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Kuthubutu, kama nilivyosema, ni sifa ya kwanza.

Wateja hawakurudi wote. Sitaki kupamba. Baadhi walikuwa wamezoea ng'ambo, na yule Mganda alikuwa na haki ya kuwa nao, hakumwibia mtu. Lakini walirudi wa kutosha. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita na kibanda kikawa bado kiko wazi. Hajati alimwambia mwenye kiwanja kwamba ataangalia mwezi mmoja zaidi, halafu mwingine, halafu akaacha kumwambia. Muhula ulipofunguliwa, binti alikuwa kwenye dawati la mbele, kidato cha sita, mwandiko wake safi kama zamani. Nilimtazama nikaita majina, na nilipofika kwake niliita jina lake mara mbili. Nilisingizia kelele za nje.

Wiki za kwanza nilifika kwenye mada ya upotevu. Mwongozo wa kusahihisha bado unataka hoja ile, na mtihani ni mtihani. Nikaandika ubaoni: kutoa bidhaa bure kwa wateja. Nikawaambia waiandike hivyo wapate alama. Binti aliandika, akashuka mstari, kisha akainua kichwa tukatazamana, na alikuwa anajizuia kucheka.

Baada ya kipindi alinifuata hadi mlangoni. "Madamu, mama anauliza. Vitu vyako huji kuchukua?"

Nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila kununua maharagwe, huku wala kule. Nilikuwa nakula kabeji. Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, nilikwenda kwenye kona, nikaomba kikombe kimoja cha maharagwe ya njano, kama mgeni.

Hajati alijaza, akapanga kilima, akamimina. Mkono ukarudi ndani ya gunia, ukatoka, ukatia kiganja kimoja juu. "Hii ya leo," alisema.

Kisha akainama chini ya meza, akatoa gunia lile la zamani. Lilikuwa limelala kama nguo. Alitia mkono hadi begani, akatoa kiganja, akakimimina kwenye mfuko wangu, kisha kingine. Maharagwe yalikuwa yameanza kutobolewa na wadudu. Nilisubiri na mfuko wazi, kwa mazoea tu. Akaligeuza gunia ndani nje, akalikung'uta mbele yangu, na likatoka vumbi.

"Mbili tu, mwalimu," alisema. "Mara ya tatu ulienda kule."

Nikamwambia ni kweli, nikafunga mfuko.